Madarasa yalikuja, ruzuku ikabaki shule mama: uchambuzi wa kisa cha shule shikizi moja

Kwa nini naandika hiki kisa

Naandika kwa ajili ya kamati za shule, walimu wakuu, maafisa elimu kata na wenyeviti wa vijiji ambao wana shule shikizi (shule isiyo na usajili wake, inayoandikwa chini ya shule iliyosajiliwa, yaani shule mama) kwenye eneo lao au wako mbioni kuanzisha moja. Jina la shule, kijiji, kata na halmashauri nimeyatoa, idadi ya wanafunzi nimeizungusha ili hesabu ifuatike kirahisi, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaacha. Nilikuwa nasaidia kamati kupanga makaratasi yake, ndo maana naweza kuongelea vitabu vya hesabu na mihtasari kwa undani kidogo.

Jambo ninalotaka lieleweke ni hili: hela ya serikali haimfuati mtoto pale anapokaa, inafuata jina la shule na idadi iliyoandikwa kwenye mfumo. Mtoto anaweza kuhama leo asubuhi akatembea zake kwenda darasa jipya, ila ile hela yake itabaki kule kule alikoandikwa mpaka mtu akae chini afanye kazi ya kuihamisha.

Usuli

Tangu Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ruzuku ya shule za msingi Tanzania inatoka Hazina na kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kila mwezi, haizungukii tena halmashauri. Kiwango kilichotumika kwenye kisa hiki ni sh. 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Hapo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndo inafika shuleni, yaani sh. 500 kwa mtoto kwa mwezi. Hiyo mia tano inunue chaki, karatasi, mitihani ya ndani, ukarabati mdogo, mipira, na matumizi ya ofisi. Kiwango chenyewe ni cha zamani, kilikuja na MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002 kikiwa ni dola 10 kwa mtoto, enzi hizo dola moja ilikuwa inakaribia sh. 1,000. Dola imepanda ikapita sh. 2,000 na kiwango cha shilingi kikabaki pale pale, kwa hiyo kabla hata hujafika kwenye tatizo la shikizi, shule yenyewe mama inahemea juu juu.

Hela ya pili ni ya miradi. Hii inakuja mara moja, ina jina, ina kiasi, ina maelekezo. Mwishoni mwa 2021 serikali ilichukua mkopo wa IMF wa sh. trilioni 1.3 kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19 na kwenye elimu ikajenga madarasa 15,000, ambapo 12,000 yalienda sekondari na 3,000 yakaenda vituo shikizi, kila darasa likitengewa sh. milioni 20. Watu wengi wanazichanganya hizi hela mbili na huo mchanganyo ndo ulizaa ugomvi ninaousimulia.

Sasa shule yenyewe. Shule mama ilikuwa na wanafunzi kama 1,900. Kati yao kama 400 walikuwa wanasoma kwenye shikizi iliyopo kilomita saba hivi, ng'ambo ya korongo ambalo masika likijaa mtoto wa darasa la kwanza hawezi kulivuka. Wazazi ndo walioianzisha. Walianza na banda la miti na nyasi, wakafyatua tofali, wakanyanyua boma la vyumba viwili. Serikali ikaleta walimu wanne, mmoja akawa mwalimu msimamizi. Kwenye mifumo yote, kuanzia takwimu za mwaka mpaka PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa NECTA (Baraza la Mitihani), wale watoto 400 walikuwa wanafunzi wa shule mama. Shikizi haikuwa na namba ya usajili, haikuwa na akaunti, na kiserikali haikuwa shule.

Mambo yalivyokwenda

Mwishoni mwa 2021 zikaja milioni 60 za madarasa matatu ya shikizi. Kwa kuwa shikizi haina akaunti, hela ikaingia akaunti ya shule mama na ujenzi ukasimamiwa na kamati ya shule mama kwa njia ya force account, yaani shule inanunua na kujenga yenyewe bila mkandarasi: fundi wa hapo hapo, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi, mhandisi wa halmashauri anakuja kukagua. Madarasa yakaisha, yana bati, yana madawati, yana sakafu. Kiukweli yalikuwa mazuri kuliko ya shule mama na watu walifurahi sana.

Januari 2022 watoto wakamiminika. Wazazi waliokuwa wanawazuia watoto nyumbani kwa sababu ya korongo wakawaleta, wengine wakawahamisha kutoka shule mama kimya kimya bila karatasi yoyote. Shikizi ikafika darasa la nne. Hapo ndo watu wakaanza kuuliza: tuna madarasa, mbona hatuna chaki?

Nilishika daftari la stoo la shikizi la miezi hiyo. Kurasa zake zilikuwa hivi: chaki nyeupe boksi mbili, kalamu nyekundu tatu, rimu nusu, ufagio mmoja. Mwezi unaofuata chaki boksi moja, rimu hakuna. Mwezi mwingine mstari umepigwa katikati na pameandikwa "havijaletwa". Hapo ni watoto 400 na walimu wanne, pamoja na vijana wawili wa kujitolea waliokuwa wanalipwa na wazazi kwa mahindi na hela kidogo.

Ukipiga hesabu, watoto 400 mara 500 ni sh. 200,000 kila mwezi. Hela hiyo ilikuwa inaingia, ila ilikuwa inaingia ndani ya sh. 950,000 za shule mama, imechanganyika, haina alama yoyote kwamba hii ni ya ng'ambo ya korongo. Mwalimu mkuu wa shule mama hakuwa mwizi, nasema hivyo kwa sababu vitabu nimeviona. Alikuwa na darasa la saba la kuprintia mitihani ya majaribio, alikuwa na mlinzi wa kulipa, alikuwa na choo kilichotitia, na kila mwezi hela ilikuwa inaisha kabla hajafika kwenye orodha ya shikizi. Hakukuwa na maelekezo yoyote mkononi mwake yanayomwambia atenge kiasi gani.

Kijijini stori ilikuwa nyingine. Watu walijua kuna milioni 60 zilipita kwenye akaunti ya shule mama, wakaunganisha na chaki kukosekana, wakahitimisha kwamba hela inaliwa. Kwenye mkutano wa kijiji mama mmoja alisimama akamuuliza mwalimu msimamizi kama hawa watoto wa hapa wana serikali nyingine au ni hii hii, na mwalimu hakuwa na jibu kwa sababu na yeye alikuwa hajawahi kuona taarifa ya benki ya hiyo ruzuku. Kuna wazazi wakapendekeza waende halmashauri kwa maandamano, wengine wakasema wachangishane sh. 2,000 kila kaya. Na hili la kuchanga nalo ni gumu, maana tangu Rais Magufuli alivyopiga marufuku michango Januari 2018 walimu wengi hata kutaja neno mchango wanaogopa, hata ule wa hiari ambao utaratibu wake upo.

Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

Uamuzi wa kwanza aliufanya afisa elimu kata, na mimi naona ndo uliookoa kila kitu. Aliita kikao cha pamoja, kamati ya shule mama, wawakilishi wa wazazi wa shikizi, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, halafu akamwomba mwalimu mkuu alete taarifa ya benki ya mwaka mzima na faili la ujenzi. Milioni 60 zikasomwa risiti kwa risiti, bati, nondo, saruji, fundi. Ilichukua karibu siku nzima na watu walichoka, ila baada ya hapo hakuna aliyerudia kusema hela ya madarasa iliibiwa. Halafu ikasomwa ruzuku mwezi kwa mwezi. Wazazi wa ng'ambo wakaona kwa macho yao kwamba hela ya watoto wao inakuja kweli, na kamati ya shule mama ikaona kwa macho yake kwamba karibu moja ya tano ya ile hela ni ya watoto ambao haiwahudumii.

Uamuzi wa pili ulikuwa ni mgao. Hesabu ya vichwa ilisema 200,000. Kamati ya shule mama ikasema kuna gharama za pamoja kama mitihani ya darasa la nne, safari za kufuatilia mambo halmashauri na makato ya benki. Wakabishana sana, wakakubaliana 150,000 kila mwezi zihesabiwe kwa ajili ya shikizi, na ruzuku ikija pungufu nayo ipungue kwa uwiano huo huo. Ikaandikwa kwenye muhtasari, ikasainiwa, nakala moja kwa kata, moja kijijini, moja ikabandikwa ukutani pale shikizi.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa namna ya kutoa, na huu ulileta kelele. Wazazi walitaka wapewe hela taslimu. Kamati ikakataa, ikasema watapewa vitu. Mwalimu msimamizi anaandika mahitaji, kamati inapitisha, shule mama inanunua, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) inatoka kwa jina la shule mama, inaingizwa kwenye FFARS, mfumo wa serikali wa hesabu za vituo kama shule, na vitu vinapokelewa shikizi kwa saini ya mwalimu msimamizi na mzazi mmoja. Sababu ni kwamba ile hela kisheria ni ya shule mama mpaka siku shikizi itakaposajiliwa, mkaguzi akija na kukuta 150,000 zimetoka taslimu kila mwezi kwenda mahali ambapo hapana akaunti wala vitabu, atakayeandikiwa hoja ni mwalimu mkuu. Mimi nilikubaliana na kamati kwa hili na bado nakubaliana nao.

Uamuzi wa nne, kuanza safari ya usajili siku ile ile badala ya kusubiri mgao ufanye kazi kwanza. Wadhibiti ubora walikuja wakakagua, wakaacha orodha ya mapungufu. Kubwa lilikuwa vyoo. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, kwa hiyo kwa wasichana kama 200 na wavulana kama 200 unahitaji matundu 18, na pale palikuwa na manne. Lingine ni ardhi, eneo lilitolewa kwa mdomo na familia mbili miaka ya nyuma na hakuna karatasi.

Ruzuku haiwezi kujenga matundu 14, usijaribu hata kupanga hivyo. Waligawa mzigo: wananchi wakachimba mashimo na kusomba mawe na mchanga, diwani akapigania saruji kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, na bati zikatoka Mfuko wa Jimbo. Ardhi ikapitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, familia zile mbili zikasaini mbele ya mkutano, na ramani ndogo ya mkono ikachorwa ikaambatanishwa. Mzee mmoja wa ile familia ya pili alisita mpaka alipoahidiwa kwa maandishi kwamba makaburi ya pembeni hayataguswa, na hilo nalo likaingia kwenye muhtasari.

Usajili ulipotoka

Namba ya usajili, ile inayoanza na EM, ilitoka katikati ya mwaka. Watu wakadhani kazi imeisha, ila kumbe ndo sehemu ngumu ilikuwa inaanza.

Shule mpya ikapata mwalimu mkuu wake, barua ya Mkurugenzi ya kufungulia akaunti, waweka saini, mhuri. Akaunti ikafunguliwa. Mwezi wa kwanza haikuingia kitu. Wa pili haikuingia kitu. Shule mama iliendelea kupokea 950,000 zile zile kwa sababu mgao unatumia takwimu zilizoshapelekwa TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri), na kwenye takwimu hizo wale watoto 400 bado walikuwa wake. Mbaya zaidi, baadhi ya wajumbe wa shule mama walisema sasa nyie ni shule kamili mna akaunti yenu, ule mkataba wa 150,000 umekufa. Ikawa shule mpya imesajiliwa na inakosa hata zile chaki ilizokuwa inapata ikiwa shikizi.

Afisa elimu kata akarudisha watu kwenye muhtasari na kuwaongezea sentensi moja ambayo ingefaa iwepo tangu mwanzo: mgao utaendelea mpaka mwezi ambao ruzuku ya kwanza itasoma kwenye akaunti ya shule mpya, na siyo mpaka siku ya usajili. Wakasaini tena.

Kisha likaja suala la kuwahamisha watoto kwenye PREM. Hapa mwalimu mkuu mpya alitaka awahamishe wote kwa mkupuo. Akashauriwa aache darasa la nne, maana walikuwa wameshasajiliwa kufanya upimaji wa kitaifa kupitia kituo cha shule mama na shule mpya ilikuwa haijapewa namba ya kituo cha mtihani. Ukimtoa mtoto pale katikati anaweza kujikuta hayupo kwenye orodha yoyote siku ya mtihani. Wakahamishwa wa awali mpaka la tatu, wa la nne wakabaki kwa jina la shule mama, wakafanya upimaji, ndo wakahamishwa baadaye.

Zoezi lenyewe lilichosha. Majina yalikuwa hayafanani, mtoto kwenye daftari la mahudhurio anaitwa jina la babu, kwenye PREM lina herufi imerukwa, wengine wale waliohama kimya kimya walikuwa bado wako kwenye madarasa ya shule mama kama watoro. Walimu walikaa jioni na simu zao wakitafuta mtandao juu ya kichuguu, jina kwa jina. Nawapa heshima yao, hakuna posho waliyolipwa kwa kazi ile.

Matokeo

Ruzuku ya kwanza iliingia kwenye akaunti ya shule mpya baada ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai. Haikuwa 200,000 kamili, ilikuwa pungufu kwa sababu darasa la nne bado lilihesabiwa kwa mama wakati takwimu zinachukuliwa, lakini iliingia na jina la shule likasoma. Mwalimu mkuu akaanza kupata posho yake ya madaraka ya sh. 200,000 kwa mwezi, ambayo akiwa msimamizi wa shikizi hakuwa anaipata ingawa kazi ilikuwa ile ile. Darasa la nne lote lilifanya upimaji, hakuna jina lililopotea.

Shule mama ilishuka kutoka 950,000 na baada ya muda ikatulia kwenye 750,000 hivi. Mlinzi akapunguziwa siku.

Kilichofanya kazi

Kusoma taarifa ya benki mbele ya watu kulifanya kazi kuliko barua zote. Kanuni zinataka mapato na matumizi yabandikwe ubaoni na shule nyingi zinabandika, ila karatasi ukutani haijibu maswali, na pale watu walikuwa na maswali ya mwaka mzima.

Muhtasari wenye kiasi ulifanya kazi kwa sababu kabla yake mwalimu mkuu wa shule mama alikuwa anaombwa huruma. Kila mwezi mwalimu msimamizi anakuja kama mtu anayeomba, na anayeombwa ana shida zake. Kilipoandikwa kiasi ikawa ni deni, na mwalimu mkuu mwenyewe alisema amepumzika, maana hata kwake ilikuwa ni mzigo kukataa kila mara.

Kuacha darasa la nne pale pale, hili wengi wanalipuuza. Shule mpya ilipoteza hela kidogo kwa miezi kadhaa ili watoto wasipoteze mtihani, na mimi naona ndo uamuzi ulioangalia watoto kuliko yote kwenye kisa hiki.

Kilichoshindikana

Kubwa kabisa ni kwamba zilikuja milioni 60 za kuta bila mtu yeyote kujiuliza mwezi unaofuata chaki zitatoka wapi. Na kifurushi cha darasa hakikuwa na vyoo, wakati vyoo ndo vilivyokuja kuzuia usajili, na usajili ndo uliozuia ruzuku. Kama sehemu ya ile nguvu ya wananchi ingeelekezwa kwenye vyoo wakati madarasa yanajengwa, mafundi wapo, mchanga upo, ari ya watu ipo, naamini usajili ungetoka mapema zaidi.

Kupitisha hela ya ujenzi kwenye akaunti ya shule mama haikuwa na njia nyingine, ila wazazi wa ng'ambo hawakuwekwa hata mmoja kwenye kamati ya ujenzi ya madarasa yao wenyewe. Tuhuma zote zilianzia hapo. Mtu akihesabu mifuko ya saruji kwa mkono wake hahitaji kusimuliwa.

Pia hakukuwa na mtu mmoja mwenye jukumu la kufuatilia mnyororo wote. Usajili uko kwa Kamishna wa Elimu wizarani, PREM iko NECTA, takwimu na mgao uko TAMISEMI, hela iko Hazina, akaunti iko benki. Kila ofisi ilifanya sehemu yake na kusema imemaliza. Mwaka wa shule unaanza Januari na mwaka wa fedha Julai, kwa hiyo ukikosa dirisha la takwimu unasubiri sana. Ningependa kuona TAMISEMI inaweka mstari wa kila shikizi chini ya namba ya shule mama kwenye orodha ya mgao, idadi yake na kiasi chake, hata kama hela inaingia akaunti moja. Mfumo upo tayari, na takwimu za shikizi zinaweza kukusanywa peke yake kama zinavyokusanywa za darasa.

Vitabu navyo vilisahaulika. Ile 4,000 inayobaki juu inarudi kama vitabu, na vitabu vilikuwa vimeshafika shule mama kwa hesabu ya watoto 1,900. Kwenye makabidhiano yaliorodheshwa madawati, mbao za kufundishia, jembe na ndoo, vitabu havikutajwa. Shule mpya ilianza na vitabu vya kusoma ambavyo watoto watano sita wanainamia kimoja, wakati kwenye kabati la shule mama kulikuwa na maboksi ya darasa la pili hayajafunguliwa. Mwalimu mkuu mpya aliandika barua, akajibiwa kwamba vitabu ni mali ya shule iliyovipokea. Suala hilo lilikuwa bado liko mezani kwa afisa elimu kata nilipoacha kufuatilia.